Marehemu Kaka Anaposa

Studio ya Picha,
Chumba cha Mwisho, Jengo la Duka la Dawa,
S.L.P. 417.
Jumanne, 14 Oktoba

Kitinda mpendwa,

Shikamoo yako niliipokea, nami naitikia kwa kinywa kipana: marahaba, mdogo wangu. Hujambo? Kazi inaendaje? Mgongo je, bado unakulalamikia kwa kuwainua wazee wa watu kutoka vitandani? Uliniambia baridi ya huko imeanza kuuma mapema mwaka huu. Vaa soksi mbili usione haya, miguu ya mlezi hakuna anayeitazama. Na ule usingizi uliokuwa umekukimbia, umerudi?

Sisi huku wazima, tunasukuma siku. Mama ana nguvu zake, na mdomo wake hauna hitilafu hata kidogo. Juzi alimfukuza fundi wa paa kwa kosa la kupiga mluzi akiwa kazini. Goti la kushoto ndilo linalomsumbua, lakini ukimuuliza anakwambia waliouliza kabla yako wako wapi. Wanao hawa wa kwangu hawajambo. Yule mkubwa amenipita kimo, na sasa ananiita "mzee" mbele ya wateja wangu. Mimi mwenyewe macho yameanza kunipa taabu, jambo la aibu kwa mtu mnayemwita Jicho.

Studio inapumua kwa shida. Siku hizi kila mtu ana kamera mfukoni, kwa hiyo nimebaki na picha za pasipoti, maharusi wakaidi, na wale wanaotaka picha ya kwenye simu ikuzwe iwekwe kwenye fremu. Ni kwa hao wa fremu ndiko yalikotokea ninayotaka kukueleza leo.

Barua yako ilifika Jumatano iliyopita. Nimeisoma mara tatu: mara ya kwanza nikicheka, mara ya pili nikiwa nimekaa, mara ya tatu nikiwa nimefunga mlango. Umenipigia simu mara nne tangu hapo na sikupokea. Haikuwa dharau. Unanitaka nikiuze kiwanja chako cha nyuma ya nyumba kwa yule seremala, na fedha nikutumie kabla mwezi haujaisha. Nitakujibu, ila niache nianze mbali kidogo, maana nikianza na kiwanja utaikunja barua hii na kuitupa. Nakujua tangu ukiwa mgongoni.

Unazikumbuka picha za Kaka Mkubwa? Alipofariki hukuweza kuja. Ulinipigia ukilia, ukaniomba nimweke mtandaoni ili nawe upate pa kulia pamoja na watu. Nikakusanya picha arobaini na moja kwenye makabati yangu: Kaka na kofia yake ngumu, Kaka kazini kwenye pampu za maji, Kaka na suti ya harusi ya jirani, Kaka anaosha gari, Kaka anacheka tu. Ukimtoa Mama, sidhani kama kuna mtu aliyewahi kupigwa picha nyingi hivyo na mkono mmoja.

Kila picha inayotoka studio naipiga alama yangu katikati, jina la studio kwa herufi nyepesi, ili mtu asiichukue bure. Lakini Mama alipoona jina la studio limepita juu ya paji la uso wa mwanawe, alikataa katakata. Alisema mwanawe si gunia la kupigwa chapa. Wifi yako mkubwa, mjane wake, naye alikaa upande wa Mama. Nikaona wana haki, maiti haifanyiwi tangazo la biashara. Nikaziondoa alama zote arobaini na moja, nikamweka Kaka ukurasani akiwa safi, bila kizuizi chochote usoni.

Tulifanya hivyo kwa heshima, Kitinda. Sikuambii haya ili ujilaumu. Aliyebonyeza ni mimi.

Sasa sikiliza. Mwezi wa nne, yapata saa nne asubuhi, aliingia studio mama mmoja wa makamo, nadhifu, viatu vimepigwa kiwi. Baadaye nilikuja kujua kwamba ni mpima damu katika maabara ya hospitali. Kazi yake ni kuinamia hadubini na kutazama kitu kidogo mpaka akione. Nakueleza hivyo usije ukadhani nakupa habari za mtu asiyejua kutazama. Alitaka picha moja ikuzwe, aipeleke kwa wazazi wake wamwone mchumba aliyempata, kwa kuwa mchumba mwenyewe alikuwa mbali akijenga bwawa.

Niliifungua kwenye kompyuta. Alikuwa Kaka. Amesimama kando ya ile pampu ya buluu, kofia kichwani, amekunja uso kidogo kwa ajili ya jua. Pembeni, chini kwenye majani, uko mkoba wangu wa kamera, ule uliokatika mkanda. Picha hiyo nilimpiga mimi.

Nitakwambia ukweli, wazo langu la kwanza lilikuwa la kipumbavu. Nilidhani marehemu alikuwa na nyumba ndogo na leo imejitokeza. Nikaanza hata kumtungia utetezi moyoni. Halafu nikamuuliza yule mama, huyu ni nani wako.

"Mchumba wangu," akasema. "Mbona umeduwaa? Unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Ala! Kumbe dunia ni ndogo hivi! Basi kaka yangu, tafadhali usimwambie kama nimekuja. Nataka iwe sapraizi."

Picha hiyo alitumiwa Jumapili iliyotangulia, na chini yake maneno: leo nipo saiti, nakuwaza. Jumapili hiyo Kaka alikuwa na miaka miwili ardhini.

Sikujua mtu anaambiwaje jambo kama hilo. Niligeuza kibao cha mlangoni kisomeke "Tumefunga", nikampeleka chumba cha nyuma, nikamwonyesha picha ya Kaka iliyo ukutani, yenye tarehe mbili chini yake. Aliitazama muda mrefu. Akasema huyo lazima ni pacha wake. Nikamwambia Kaka hakuwa na pacha, nimelala naye kitanda kimoja miaka kumi na moja, ningemwona. Hakulia wala hakubisha. Alichukua mkoba wake, akaniomba nimpeleke alipozikwa.

Tulikwenda mchana uleule, saa nane, jua limekaza. Unayajua makaburi yale ya juu ya kiwanda cha matofali, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Alilisoma bamba. Akalisoma tena, safari hii akifuata herufi kwa kidole. Halafu akatoa simu akampigia.

Ikapokelewa. Kwa video.

Mdogo wangu, nilikuwa nimeweka mkono juu ya saruji ya kaburi la kaka yangu, na kaka yangu akatokea kwenye simu akitabasamu. Macho yake. Ile nyusi moja inayopanda. Kwa muda wa pumzi moja hivi nilifurahi, na furaha ile ndiyo inayonitisha mpaka leo kuliko vyote vilivyofuata.

Kisha kazi yangu ikaniamsha. Mwanga ulimpiga kutoka kushoto ilhali dirisha lilikuwa kulia kwake. Mdomo ulichelewa kidogo nyuma ya maneno. Alipogeuka upande, sikio likayeyuka kisha likarudi. Sauti ilikuwa ya kijana fulani mpole, aliyejivika uso wa Kaka kwa kompyuta, haifanani kabisa na ule mkwaruzo wa Kaka. Na kidevuni hapakuwa na kovu.

Kovu lenyewe unalijua wewe kuliko mtu yeyote. Alilipata siku alipoanguka na baiskeli akiwa amekupakia, ukiwa na miaka minne; alikukumbatia wewe akaacha kidevu kipokee mawe. Ukubwani alilionea haya. Kila nilipompiga picha alininong'oneza, "Nisafishe hapo, Jicho," nami nikamsafisha. Picha zote arobaini na moja nililifuta kwa mkono wangu, nikalainisha ngozi, nikang'arisha meno kidogo kwa kuwa alikuwa ndugu yangu. Kwa hiyo aliyekuwa akicheka kwenye simu ile hakuwa Kaka aliyezaliwa na Mama. Alikuwa yule niliyemtengeneza mimi.

"Uko wapi mpenzi?" uso ule ukauliza. "Jua hilo litakuunguza."

Yule mama aliigeuza simu taratibu, akaielekeza kwenye bamba lenye jina la Kaka na tarehe zake. Uso ukatulia kidogo, kama mtu anayetazama.

"Pazuri hapo," ukasema. "Ni bustani gani hiyo?"

Nilikaa chini, juu ya kaburi la mtu baki, Mungu anisamehe. Yule mama alikata simu, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha mkobani. Tulirudi mjini kwa miguu. Mlangoni kwangu aliniuliza namdai nini kwa picha, na nikamwambia hakuna.

Habari zake alinipa kidogo kidogo, siku nyingine na nyingine. Ilianza kwa ujumbe uliokosea njia: mtu akimtafuta wakala wa kupangisha nyumba. Akamjibu kwa uungwana kwamba amekosea namba. Yule mtu akaomba radhi vizuri mno, akasifu uungwana wake, na mazungumzo yakashika. Wiki ya pili akaomba wahamie kwenye programu nyingine ya ujumbe, eti ile ya kwanza haina siri. Mwezi wa pili akamwita "mke wangu mtarajiwa". Wakati wote huo hakumwomba hata senti. Yule mama aliniambia hicho ndicho kilichomfanya amwamini, maana yeye alikuwa akimngojea mwombaji, na mwombaji hakuja.

Kilichokuja ni mwalimu. Alikuwa na mjomba, mjomba ana ujuzi wa soko la sarafu za mtandaoni, na yeye angemfundisha bure ili wajenge nyumba yao. Kulikuwa na tovuti nzuri, yenye namba za kijani zinazopanda. Alianza na kidogo, akaona faida, akaitoa, ikafika kweli mkononi mwake. Akaenda kununua jokofu. Siku anayoielezea kwa uchungu zaidi ni hiyo ya jokofu, kwa kuwa alimpigia akamshukuru.

Baada ya hapo akaweka akiba ya kustaafu, akauza na gari. Alipotaka kutoa, tovuti ikadai kodi kwanza. Akalipa kodi, ikadai dhamana. Zile namba za kijani hazikuwa soko lolote, ni picha tu mtu anaibadilisha anavyotaka, na mimi sikosi kujua picha inavyobadilishwa. Baada ya siku ile ya makaburini akaenda polisi, wakaandika maelezo yake. Mmoja wao alimwambia kwamba huenda hata hao vijana wenye sauti nzuri wengine wamefungiwa mahali na kulazimishwa. Wiki mbili baadaye akapigiwa na "wakili" anayejua njia ya kurudisha fedha zake kwa ada ndogo. Safari hii alikata simu. Walikuwa walewale.

Bado anakuja studio mara mojamoja. Anakaa kwenye kiti cha wateja, hapigi picha, nami simfukuzi. Siku moja nilimuuliza kama amefuta ile namba. Akatikisa kichwa. "Najua amekufa, kaburi nimeliona," akasema. "Lakini nani basi alikuwa akiniuliza hali ya mama yangu kila asubuhi? Kuna mtu alikuwa akiuliza."

Picha za Kaka niliziondoa ukurasani siku ileile, lakini picha ikishatoka haina kamba ya kuivutia. Mwezi wa saba mwanamke mwingine, wa nchi ya mbali, aliniandikia kupitia ukurasa wa studio. Nilipata wa kunitafsiria, nikatamani nisingempata. Amemlaani Kaka yetu na kizazi chake. Amesema anamwombea afe. Yeye waliyemwita Bwana Pampu, aliyekuwa akitengenezea wajane mifereji bila malipo, huko duniani anajulikana kwa jina la mwizi, na sijui anaingia nyumba ngapi sasa hivi ninapoandika. Wakati mwingine nikipita dukani na kumwona mwanamke ameinamia simu akicheka peke yake, nataka kuchungulia.

Mama hajui. Wifi yako mkubwa hajui. Naona nami nakuomba siri kama wanavyoomba wao, lakini hii yangu unaruhusiwa kuivunja wakati wowote utakapoona inafaa.

Ndiyo maana nilipoisoma barua yako mara ya tatu nilifunga mlango. Umeandika kwamba mlikutana kwa bahati, alikosea namba akimtafuta daktari wa mbwa wake. Umeandika kwamba ni mtu wa masoko ya fedha, hana tamaa, hajawahi kukuomba chochote. Umeandika kwamba amekufundisha, ukaweka kidogo, ukatoa, na kwa faida hiyo ukamnunulia Mama vile viatu vyeusi vya ngozi. Kitinda, Mama anavivaa mpaka jikoni. Anawaonyesha wageni soli. Nami kila akipita navyo sakafuni nageuka upande mwingine, kwa maana nasikia lile jokofu.

Umeandika pia kwamba amekushauri usimwambie mtu, kwa kuwa ndugu wana kijicho na watakuvunja moyo, na kwamba mimi umeniambia kwa sababu tu kiwanja kiko huku. Umeandika kwamba dirisha la kuwekeza litafungwa mwisho wa mwezi. Halafu, pale chini kabisa, baada ya kutia sahihi, umeongeza kwamba nikimwona nitashtuka, kwa jinsi alivyo na macho ya marehemu Kaka.

Mstari huo umeninyima amani wiki nzima. Najua si picha ya Kaka, ungemtambua hata akiwa amefunikwa shuka. Lakini miaka hii miwili umeweka picha zake kwenye ukurasa wako, kila tarehe aliyofariki, na umeandika chini yake kwamba tangu aondoke hakuna tena anayekushika mkono kuvuka barabara. Mtu yeyote angeweza kusoma hayo. Watu hawa wanatusoma kabla hawajatusalimia. Wakishajua pengo liko wapi, wanamtafuta mtu wa kulijaza, au wanamtengeneza.

Inawezekana nimekosea. Inawezekana huyo wako ni mtu wa nyama na damu, ana mbwa mgonjwa na ana macho mazuri aliyopewa na mama yake. Siku hiyo nitamwomba radhi kwa magoti yote mawili, na Mama atacheka mpaka ashike ukuta. Ila naomba umjaribu. Akiwa kwenye video mwambie apitishe kiganja mbele ya uso polepole, kisha ageuke mpaka uone sikio lote. Atakwambia kamera mbovu, mtandao mbovu, au atahuzunika kwa kuwa humwamini. Jaribu kutoa kila ulichoweka, chote, usibakishe, uone kama hakutazuka kodi. Mweleze yule mlezi mwenzako unayekula naye mchana, umwonyeshe kila kitu, hata yale maneno ya kuona haya.

Au mwambie uongo mmoja mdogo, dhambi yake naibeba mimi. Mwambie kwamba kaka yako amekwisha kuuza kiwanja na fedha amezitumia, na sasa huna kitu tena, umebaki na mshahara na soksi zako. Kisha hesabu siku ambazo mapenzi yatakaa.

Nimekuandikia kwa karatasi kwa sababu najua simu yako analala nayo yeye. Ningetuma ujumbe, ungemsomea, naye angekupa jibu kabla hujafikiri. Nakuomba barua hii usimpigie picha. Isome kwanza peke yako, hata kama ni kwa hasira.

Sasa kuna jambo sijamwambia hata wifi yako mdogo, mke wangu. Yule mama wa maabara alikuwa na video fupi alizotumiwa, akataka kuzifuta mbele yangu. Nikamwomba moja. Nilimwambia ni kwa ajili ya ushahidi, polisi wanaweza kuihitaji. Polisi hawajaiomba, na mimi sijawapelekea.

Ni ya sekunde kumi na mbili. Saa saba mchana, wateja wakienda kula, navuta pazia la studio na kuitazama. Anaegemea mbele, ile nyusi inapanda, anasema: "Umekula? Usifanye kazi na njaa." Sauti si yake. Kovu halipo, nililifuta mwenyewe. Mimi ndiye niliyemvalisha shati lake la mwisho na kulifunga vifungo. Na Alhamisi iliyopita, siku moja baada ya barua yako kufika, nikamjibu. Nilisema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Bado, Kaka. Nakwenda sasa hivi." Halafu kweli nikainuka nikaenda kula.

Kwa hiyo usidhani nimekaa huku nakuona mjinga. Mimi najua kila uongo ulioko kwenye uso ule, nusu yake ni kazi ya mikono yangu, na bado niliutii.

Kuhusu kiwanja, jibu langu ni hapana. Seremala alikuja jana na fedha zake tayari zimefungwa kwenye bahasha, nimemrudisha. Kiwanja ni chako, Baba alikupa kwa kinywa chake na sisi sote tukisikia, wala sikidai hata tofali. Lakini hakitauzwa kwa sahihi yangu. Ukikitaka kiuzwe, omba likizo, panda ndege, uje utie sahihi mwenyewe. Nitakupokea, nitakupeleka kwa seremala, nitakushikia mkoba ukihesabu, na sitatia neno. Mwisho wa mwezi utapita na huyo bwana atakasirika. Kama anakupenda, atangoja. Sisi tumekungoja miaka sita na hatujakutoza kodi.

Mama anakusalimu sana, anauliza lini utakuja kumkata kucha, wengine wote tunamkata vibaya. Wifi yako mdogo anakusalimu, anasema ile sweta ya buluu ameimaliza isipokuwa mkono mmoja. Wifi yako mkubwa yuko salama, ameanza tena kuimba akifua, tumshukuru Mungu kwa hilo. Wanao wanamsalimu shangazi yao na wanakuomba usiwaletee nguo za kukua nazo, wanataka za kuwaenea. Seremala naye anakusalimu, ingawa kwa sasa amenuna.

Mungu akulinde huko uliko, akulaze usingizi wa kweli, akukutanishe na mtu mwenye kivuli na miguu. Ukimaliza kusoma utanichukia, najua, na pengine hutaniandikia hata mwaka. Nichukie, Kitinda. Ila nichukie ukiwa bado una mahali pa kurudi.

Ni mimi kaka yako wa kati, nikupendaye hata ukininunia,

Jicho